Seva Inayobebeka: Namna ya Kufunga na Kutunza Mashine Pepe Uvira

Katika ofisi nyingi za Uvira mfumo wa kompyuta ulijikulia tu bila kupangwa. Kompyuta ya mezani ya mhasibu ina programu ya hesabu. Ya mapokezi ina kumbukumbu za wagonjwa au za wanafunzi. Ya tatu inatunza mafaili ya ofisi nzima. Ya nne iko kwenye kona na haizimwi, maana aliyeifunga alishahamia Lubumbashi na hakuna ajuaye mna nini ndani yake. Umeme ukikatika zote nne huanguka pamoja, na ukirudi kila moja huamka na ugonjwa wake.

Mashine pepe ni njia ya kutoka hapo. Unachukua kompyuta moja yenye nguvu, unaiwekea programu iitwayo haipavaiza, nayo inaigawa kompyuta hiyo kuwa seva kadhaa zilizotengana. Kila seva ina mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na fungu lake la RAM. Windows ya mhasibu na Linux ya maktaba zinakaa ndani ya chuma kimoja, na ikianguka moja nyingine haina habari.

Kwingineko mbinu hii husifiwa kwa kupunguza gharama, na ni kweli inapunguza. Uvira ipo sababu nzito zaidi. Mji huu wa Kivu Kusini, Kongo, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa nalo limepanda zaidi ya mara moja tangu hapo, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika makazi ya ufukweni na bandari ya Kalundu. Mwaka 2025 vita vilifika Goma mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari na Uvira mwezi Desemba. Kwa fundi wa mji huu swali la kwanza ni hili: tukilazimika kuondoka leo jioni, tutaondoka na nini?

Mashine pepe ni faili. Seva nzima ya hospitali, pamoja na mipangilio yake yote, inaingia katika diski ya mfukoni na kuamka kesho yake kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ushauri wote unaofuata una lengo hilo: kujenga seva inayobebeka.

Programu ipi?

Kwa miaka mingi jina kubwa lilikuwa VMware, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Novemba 2023 ilinunuliwa na Broadcom. Muda mfupi baadaye leseni za kulipia mara moja zilifutwa, na Februari 2024 toleo la bure la haipavaiza yake, ESXi, likaondolewa. Lilirudishwa Aprili 2025. Shirika dogo la Kivu Kusini halina sababu ya kutegemea leseni ambayo masharti yake yanageuzwa ng'ambo bila kuulizwa.

Hyper-V inafaa kama tayari mmeshalipia Windows Server. XCP-ng nayo ni nzuri na ni ya bure. Maelezo haya yanafuata Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna, Austria, tangu mwaka 2008. Imejengwa juu ya Debian na KVM, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu 2007. Msimbo wake uko wazi, inatumika bila malipo, na anayetaka msaada wa kampuni ndiye anayelipa. Faida nyingine: fundi yeyote aliyezoea Debian au Ubuntu hataona ugeni mkubwa.

Umeme kabla ya programu

Usiguse flashi ya kufungia kabla hujamaliza hesabu ya umeme. Uvira hutegemea shirika la umeme SNEL na mabwawa ya mto Ruzizi, na delestaji, yaani mgao wa umeme, ni sehemu ya wiki. Kompyuta nne za zamani zinazokula wati 60 kila moja ni wati 240. Kompyuta moja ndogo ya kisasa yenye mashine pepe nne inaweza kufanya kazi hiyo kwa wati 50 hivi.

Ilinganishe na betri ya sola ya volti 12 na amperi-saa 200. Ina wati-saa 2,400 kwa maandishi. Betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 1,200. Inveta nayo inachukua sehemu yake, unabaki na kama 1,000. Kwa kompyuta nne za zamani hiyo ni saa nne. Kwa seva moja ni saa ishirini. Huo ndio utofauti wa kufunga ofisi saa sita mchana na kumaliza siku.

Kati ya umeme na seva weka ondulere, yaani UPS, inayorekebisha volti na yenye waya wa USB. Waya huo ndio muhimu: bila huo ondulere itapiga kelele tu, na seva haitajua kwamba muda unakwisha. Kwenye seva funga programu ya NUT, kisha hakikisha kwa amri `upsc` kwamba inasoma kiwango cha betri. Usisubiri ondulere iseme betri imekwisha, kwani betri iliyochoka huanguka ghafla kutoka asilimia 40 hadi sifuri. Panga seva ianze kujizima mapema, kwa mfano dakika tano baada ya umeme kukatika. Proxmox ikijizima huzima kwanza mashine pepe zake, na kila moja hupewa hadi sekunde 180 za kujifunga. Ondulere isiyoweza kuishikilia seva kwa dakika kumi na tano haitoshi.

Mwisho, waya wa ardhini. Mvua za ziwa huja na radi, na radi hupitia pia kwenye waya wa mtandao unaoshuka kutoka antena ya paani. Ukikinga umeme tu na kuacha waya huo wazi, umefunga mlango na kuacha dirisha.

Mashine na mahali pa kuiweka

Mashine za okazi, yaani zilizokwisha kutumika, zinatosha, mradi zikidhi mambo manne:

- Prosesa ya biti 64 yenye VT-x ikiwa ni ya Intel, au AMD-V ikiwa ni ya AMD. Ukiiwasha kwa flashi ya Linux, amri `lscpu` itakuonyesha.
- RAM ya gigabaiti 16 kwa uchache. 32 ndiyo raha.
- SSD mbili zenye ukubwa sawa, ili moja ikifa nyingine iendelee.
- Ulaji mdogo wa umeme. Seva kubwa za rafu zinauzwa bei rahisi, lakini hula umeme na kutoa joto kiasi kwamba bei yake halisi utailipa kwa mazutu ya jenereta.

Mahali pia ni uamuzi wa kiufundi. Kama jengo lina ghorofa, weka juu. Kama halina, weka kwenye rafu iliyofungwa ukutani, juu kuliko alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Wazee wa kartie wanaikumbuka. Uvira ina joto kuliko Bukavu, na wakati wa kiangazi vumbi la bonde la Ruzizi huziba feni. Chumba kiwe na hewa inayopita, kisiwe stoo ya karatasi, na feni zisafishwe kila miezi mitatu.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Pakua faili la ISO la Proxmox VE mahali penye mtandao mzuri. Lina zaidi ya gigabaiti moja, na mtandao unaokatika unaweza kuliharibu bila onyo. Linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Proxmox. Kwenye Windows tumia `certutil -hashfile jina.iso SHA256`. Tarakimu moja ikitofautiana, pakua upya.

2. Andika ISO kwenye flashi kwa Etcher, au kwa Rufus ukichagua modi ya DD. Ukinakili faili kama unavyonakili picha, flashi haitawaka.

3. Ingia kwenye BIOS: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo nyingi. Washa VT-x, au SVM ikiwa prosesa ni ya AMD. Hapohapo tazama saa ya BIOS. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekufa, ibadilishe sasa.

4. Washa kwa flashi na uchague ufungaji wa kawaida wa picha. Ukiulizwa diski, chagua ZFS ya RAID1 kama una SSD mbili. Kama unayo moja, ext4 inatosha. Kila kilichomo kwenye diski hizo kitafutwa.

5. Kwenye ukurasa wa nchi na saa, kuwa mwangalifu. Kongo ina majira mawili. Uvira hufuata majira ya Lubumbashi, saa mbili mbele ya UTC, wala si ya Kinshasa. Saa ikikosewa, kumbukumbu za wagonjwa na za hesabu zitatofautiana na saa ya ukutani.

6. Kwenye ukurasa huohuo chagua aina ya kibodi kabla ya kuandika neno la siri. Kibodi nyingi za hapa ni AZERTY. Ukiandika neno la siri huku mfumo ukidhani ni QWERTY, herufi A na Q zitabadilishana, na kesho utakataliwa kuingia kwenye seva yako mwenyewe.

7. Toa anwani ya IP isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, iliyo nje ya zile ambazo ruta inazigawa yenyewe. Toa jina kamili kama `pve1.ofisi.lan`. Fikiri kabla ya kulichagua, maana kulibadilisha baada ya kuunda mashine pepe ni kazi ya kuumiza kichwa.

Seva itajiwasha upya. Kuanzia hapo huhitaji skrini wala kibodi yake. Kaa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao huohuo, fungua kivinjari, andika `https://192.168.1.10:8006`, kisha ingia kama root. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti. Kwenye mtandao wa ndani hilo ni la kawaida.

Kazi za saa ya kwanza

Proxmox mpya imepangwa ichukue masasisho kwenye hazina ya wateja wanaolipa, kwa hiyo itatoa makosa. Nenda sehemu ya hazina za masasisho, zima zile za "enterprise", ongeza ile ya "No-Subscription". Kisha endesha `apt update` na `apt full-upgrade`. Usitumie `apt upgrade` peke yake, inaweza kuacha baadhi ya vipande nyuma na kuvuruga mfumo.

Unda akaunti ya kila fundi, na root ibaki ya dharura. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu; hauhitaji intaneti, unahitaji tu saa ya simu na saa ya seva zilingane. Neno la siri la root liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kukabidhiwa kwa mkurugenzi. Fundi akiugua au akihama, ofisi isiwe mateka wake.

Mlango wa 8006 usifunguliwe kamwe kwa dunia nzima. Anayetaka kuitunza seva akiwa mbali apitie njia ya faragha kama WireGuard. Mitandao ya simu, na Starlink iliyopata leseni Kongo Mei 2025, kwa kawaida haikupi anwani ya IP ya umma, kwa hiyo utahitaji kituo cha kati nje, au huduma kama Tailscale.

Mashine pepe ya kwanza

Anza na mgawo wa RAM kwenye karatasi. Kwa seva ya gigabaiti 32: acha 4 kwa mashine mama, yaani Proxmox yenyewe, mpe mhasibu 8 za Windows, kumbukumbu za wagonjwa 6, mafaili ya ofisi 2, na maktaba ya Kiwix 1, inayowapa wanafunzi Wikipedia bila intaneti. Jumla ni 21. Zilizobaki 11 usizigawe kwa sababu tu zipo. Ni nafasi ya kufanyia majaribio, na ZFS nayo inahitaji pumzi.

Kazi nyepesi za Linux, kama hiyo Kiwix, ziweke kwenye kontena ya LXC. Inatumia kiini cha mashine mama, huwaka kwa sekunde chache na hula RAM kidogo. Windows na chochote chenye data nyeti kiwe mashine pepe kamili.

Unapounda mashine pepe, maamuzi matano ndiyo yanayoamua kama itabebeka:

- Aina ya prosesa. Acha ile ya kawaida, `x86-64-v2-AES`. Ukichagua `host` unapata kasi kidogo, lakini mashine hiyo inazoea prosesa uliyonayo, na siku ya kuihamishia kwenye kompyuta tofauti inaweza kugoma.
- Daraja la mtandao. Tumia `vmbr0`, linaloundwa wakati wa kufunga. Jina liwe lilelile kwenye mashine ya akiba, na hutabadilisha chochote siku ya kuhama.
- Diski. Acha "cache" ilivyo. Chaguo lenye neno "unsafe" linaharakisha kazi kwa kuahirisha kuandika, na katika mji wa delestaji hilo ni kutafuta msiba.
- Draiva. Windows haitaona diski ya VirtIO bila draiva zake. Ambatisha ISO ya VirtIO kama sidii ya pili kabla ya kuanza kufunga Windows.
- Mpangilio wa kuwaka. Weka alama ya kuwaka yenyewe pale tu panapohitajika, na upange zamu: kanzidata kwanza, subiri sekunde 60, ndipo programu inayoitegemea.

Baada ya kufunga mfumo wa ndani, ongeza wakala wa QEMU: `qemu-guest-agent` kwenye Debian, au kifurushi kilichomo kwenye ISO ya VirtIO kwa Windows. Bila wakala huyo, mashine mama ni kama inabonyeza kitufe cha kuzima na kungoja. Akiwepo, Windows hujifunga kwa utaratibu, na nakala za akiba huchukuliwa data ikiwa imetulia.

Kuihamisha kompyuta ya zamani

Ile kompyuta ya kona ambayo hakuna aijuaye haihitaji kufungwa upya. Kama ni Windows, endesha ndani yake Disk2vhd, programu ya bure ya Microsoft, nayo itaigeuza diski yote kuwa faili la VHDX kwenye diski ya nje. Unda mashine pepe isiyo na diski, kisha kwenye seva andika `qm disk import 101 kona.vhdx local-zfs`, ambapo 101 ni namba ya mashine pepe na `local-zfs` ni jina la hifadhi.

Mara ya kwanza iunganishe diski hiyo kama SATA, kwani draiva za VirtIO bado hazimo ndani. Kama kompyuta ya zamani ilitumia UEFI, chagua OVMF badala ya SeaBIOS, la sivyo utaona skrini nyeusi. Ikiwaka, funga draiva na wakala. Windows inaweza kudai leseni ithibitishwe upya. Programu ya hesabu yenye ufunguo wa USB itahitaji ufunguo huo uchomekwe kwenye seva na kuelekezwa kwenye mashine pepe. Andika pembeni kwamba siku ya kuhama ufunguo huo nao unaondoka.

Kompyuta ya zamani izimwe na ihifadhiwe mwezi mzima kabla ya kufutwa. Isiwashwe kwenye mtandao huohuo pamoja na pacha wake.

Nakala za akiba: diski A na diski B

Snapshoti si nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ileile. Diski ikizama, nayo inazama. Itumie kabla ya kusasisha programu, na uifute ukishaona mambo yako salama.

Nunua diski mbili za USB, ziandike A na B. Moja iko kwenye seva, nyingine iko kwenye kartie nyingine, juu, mbali na mto au ufuko ulio karibu na ofisi. Kila Ijumaa zibadilishane. Zifunge kwa usimbaji wa LUKS, ili anayeiokota moja njiani asisome majina ya wagonjwa. Neno la kufungulia liwe kwenye bahasha mbili, sehemu mbili. Likipotea, data imepotea. Na kabla ya kuvusha diski mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, kumbuka kwamba Kongo ina sheria ya dijitali tangu Machi 2023, yenye masharti kuhusu data binafsi. Mkurugenzi aamue kwa maandishi.

Diski hizo ziongeze kwenye Proxmox kama hifadhi ya aina ya "Directory", kisha andika `pvesm set diski-usb --is_mountpoint yes`, ukiweka jina uliloipa hifadhi. Mstari huo mmoja unazuia balaa linalowapata wengi: diski ya USB haijachomekwa, seva haijui, inaandika nakala kwenye folda tupu ya diski yake yenyewe mpaka ijae na kusimama.

Panga kazi ya kila usiku kwa modi ya "snapshot" na mbano wa ZSTD. Washa pia chaguo la kurudia kazi iliyokosekana, linaloitwa "Repeat missed". Bila hilo, seva iliyokuwa imezimwa kwa delestaji saa nane usiku itaruka nakala ya siku hiyo bila kusema neno. Bakiza nakala saba za siku, nne za wiki na sita za mwezi, kama nafasi inatosha.

Kwenye diski hizohizo weka pia vitu ambavyo Proxmox haikuwekei: yaliyomo ndani ya `/etc/pve`, faili la `/etc/network/interfaces`, ISO ya Proxmox ya toleo unalotumia, na ISO ya VirtIO. Pamoja na kila diski iwepo flashi ya kufungia iliyo tayari. Siku utakayovihitaji vitu hivyo huenda mtandao hautakuwepo.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Mashine pepe inakataa kuwaka, ujumbe unasema KVM haipatikani.* BIOS imesahau mipangilio baada ya umeme kukatika muda mrefu. Washa VT-x tena, badilisha ile betri ndogo.

*Mashine pepe imefungwa kufuli baada ya umeme kukatika katikati ya nakala.* Hakikisha hakuna nakala inayoendelea, kisha `qm unlock 101`.

*Ukurasa wa 8006 haufunguki, lakini mhasibu anafanya kazi kama kawaida.* Ingia kwa SSH, tazama `df -h`. Diski ya mfumo ikiwa imejaa, ondoa ISO na nakala zisizotakiwa, kisha `systemctl restart pveproxy`.

*Mashine pepe zote zimekuwa nzito kwa wakati mmoja.* Tazama RAM ya mashine mama na `zpool status`. Neno DEGRADED maana yake SSD moja imekufa na unaishi kwa moja iliyobaki. Chukua nakala kwanza, badilisha baadaye.

*Hifadhi ya LVM-thin (kwa waliochagua ext4) imepita asilimia 80.* Usingoje. Ikifika 100, mashine pepe zilizomo zitashindwa kuandika na data inaweza kuharibika. Futa snapshoti za zamani au ongeza diski.

Mtihani wa mwisho

Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado si nakala. Kila miezi mitatu, tafuta kompyuta nyingine, hata laptopu ya RAM gigabaiti 16, na uifungie Proxmox ya toleo lilelile au jipya zaidi. Iwe imetengwa na mtandao wa ofisi ili anwani zisigongane. Chomeka diski iliyotoka nje ya ofisi, si ile iliyo kwenye seva. Kisha:

`qmrestore` ikifuatiwa na njia ya faili la nakala, linaloanza na `vzdump-qemu-101`, halafu namba 101. Kwa kontena tumia `pct restore`, ukianza na namba na kufuatiwa na faili.

Iwashe. Mwite mhasibu afungue hesabu za juzi na muuguzi amtafute mgonjwa wa wiki iliyopita. Wao ndio wanaojua kama data ni nzima. Fundi huona tu kwamba Windows imewaka. Andika muda uliotumika tangu kuchomeka flashi hadi mhasibu kusema ndiyo, na kilichokosekana njiani: draiva, neno la LUKS, ufunguo wa USB, waya wa mtandao.

Fanya mtihani unaofuata na mtu mwingine akiwa kwenye kibodi, akiwa na karatasi ya maelekezo tu, nawe ukiwa umekaa pembeni bila kusema. Akiweza kuiamsha seva ndani ya nusu siku bila kukuuliza, ofisi yenu ina seva inayobebeka. Akikwama, rekebisha karatasi pale alipokwama, kisha rudieni zoezi mwezi ujao.